Juu ya Mafiga Matatu Yaliyofungwa na Simenti Katika Munara wa Kalembe

Kalembe, tarehe 9 mwezi wa nane 1955

Kwa Bwana Grégoire Mbonigaba,
Prezida wa Komite ya Munara,
Kitshanga

Bwana Prezida mwenye heshima,

Nakusalimia kofia mukononi. Mimi njo Evode Hakorimana, kantonye wa barabara hapa Kalembe, ule anayefukia mashimo kutoka daraja mpaka kona ya kanisa. Tulionana siku ya kufungua munara. Wewe ulikuwa na kravati ya rangi ya ndizi mbivu, mimi nilikuwa nimeshika kamba ya kuvuta kitambaa. Ulinipa mukono mbele ya watu. Kwa ajili ya mukono ule nimengoja majuma kumi na moja mbele ya kuandika, maana sipendi kusumbua wakubwa. Lakini sasa maneno imezidi, na nisipoandika leo nitapasuka.

Utakumbuka ya kama mwezi wa tatu Komite yako ilimutuma fundi wa sanamu, Bwana Hilaire wa Kibua, muntu wa pori la Walikale, ajenge munara pale njia panda, fasi ambapo Masisi inaishia na Walikale inaanzia. Alituita wote, akatueleza ya kama haitakuwa sanamu ya muntu ao ya nyama. Itakuwa nyumba iliyopasuliwa katikati: upande wa Masisi ukuta wa mawe meusi ya volkano na mianzi, upande wa Walikale mbao nyekundu na magome ya miti, fasi ya mulango bila mulango, na juu hakuna kitu. Alisema munara huu utachunguza vifaa na ujenzi wa wenyeji. Sisi tulijua kuchunguza ni kazi ya polisi, lakini tulipiga makofi kwa sababu alikuwa ametembea mbali.

Halafu akaomba kila nyumba itoe kitu kimoja kilichokwisha kukaa na watu. Wakatoa. Papa Paul katekista alitoa nguzo iliyoliwa na muchwa, akasema inatoka rohoni. Jirani yangu wa chini alitoa mulango ambao bibi yake alitaka kuuchoma tangu Noeli. Na kutoka jikoni kwangu yakaondoka mafiga, yale mawe matatu ya kuwekea chungu. Yaliondokaje, hiyo si maneno ya kurefusha hapa. Yaliondoka.

Bibi yangu wa ndoa, Sidonie, hakuwako. Alikuwa kwa dada yake aliyejifungua, majuma matatu. Aliporudi, siku moja mbele ya sikukuu ya kufungua munara, alikuta majivu na mashimo matatu. Nilimuambia ya kama Komite imeyachukua, na ya kama mbele ya Komite muntu mudogo hana la kusema. Alichukua fagio, akafagia majivu. Mimi nilifikiri amekubali. Ee, mimi!

Inapashwa uelewe mafiga ni nini kwetu, maana wewe nasikia unapikiwa na jiko la petroli. Hapa kwetu mulimani, mwanamuke akiolewa, mama mukwe anamutafutia mawe matatu, anamupangia kwa mikono yake, anawasha moto wa kwanza. Kutoka siku ile mawe ni ya yule mwanamuke. Mume anaweza kuuza mbuzi na kuvunja nyumba akajenga nyingine, lakini mafiga hayagusi. Yakihama, mwenyewe anahama nayo. Mama yangu Nyiraneza alimuletea Sidonie ya kwake miaka ishirini na miwili iliyopita, jiwe moja moja, kichwani, kutoka fasi ambayo mpaka leo hajatuambia.

Yaliyotokea siku ya sikukuu uliyaona, lakini wewe uliyaona kutoka mbele, mimi kutoka pembeni. Nilivuta kamba. Kitambaa kikaanguka, watu wakapiga makofi, na pale katikati ya nyumba iliyopasuliwa, mafiga yetu yamekaa ndani ya simenti, kwa mupango ule ule wa jikoni, hata lile moja lenye kuinama kidogo limeinama vile vile. Sidonie hakulia wala hakupiga kelele. Alienda nyumbani. Wewe ulikuwa kwenye ukurasa wa pili wa hotuba yako wakati alirudi na chungu cha maharagi, muzigo wa kuni, na kaa la moto juu ya kigae, akapita mbele yako, akainama, akawasha. Ulifikiri iko kwenye programu. Ulisema kwa sauti kubwa ya kama huu njo ujenzi wenye uhai, na mupiga foto akapiga foto. Tangu siku ile bibi yangu anapika pale kila siku, na Komite inafikiri ni sehemu ya munara wake.

Kwa hiyo haya njo malalamiko yangu. Nimeyapanga kwa namba ili usichoke.

1. Ya kwanza ni chakula. Chungu kikikaa njia panda hakina mwenyewe. Shofere wa kamyo la mizigo anasimama, anashuka, anakula. Wachukuzi wenye kutoka Walikale na mafuta mekundu ya ngazi wanatua mizigo, wanakula, wanasifu, wanakula tena. Sidonie hamukatalii muntu, anasema munara ni wa wote na kibao kimeandika vile. Jumamosi iliyopita, Siku ya Posho, nilitoka kazini, jembe begani, nikakuta muchukuzi mumoja ambaye simujui amekaa mbele ya maharagi yangu. Alinisogezea fasi. Akanikaribisha! Tena alinikaribisha vizuri, ile karibu ya muntu mwenye roho safi, akanipa na kijiko chake. Nikamuambia aksanti. Bwana Prezida, kwa maharagi niliyolima mwenyewe, nilisema aksanti.

2. Ya pili ni heshima. Kwetu mwanaume haingii jikoni. Anakaa fasi yake, chakula kinamufikia. Baba yangu aliishi hivyo mpaka kufa, na hakuna siku aliona chungu kikichemka. Mimi, kwa sababu ya ujenzi wenu wa ukuta nusu, nakaa kando ya moto sawa na paka. Moshi unanifuata. Nikihamia upande wa Masisi, moshi unakuja Masisi. Nikihamia upande wa Walikale, nao unavuka mupaka bila barua ya njia. Asubuhi nikiamuru wafanyakazi wangu wane wachimbe mufereji, macho yangu iko mekundu, wanafikiri nimelia, wananionea huruma, na mufereji hauendi. Zaidi ya ile, nimeanza kujua mambo ambayo mwanaume hapashwi kujua. Najua chumvi inaingia wakati gani. Najua maji ya kwanza ya maharagi yanamwagwa. Hakuna aliyenifundisha, nimeona tu, na kilichoonwa hakirudi nyuma.

3. Ya tatu ni nyumba yangu. Wewe muntu wa ujenzi unajua: jiko likipikiwa, moshi unapanda kwenye nyasi na mianzi, dudu hazikai. Jiko langu halina moshi majuma kumi na moja. Muchwa wamekula nguzo mbili na sasa wako kwenye ya tatu, nawasikia. Mbuzi ya jirani imezalia pale ndani, watoto wawili. Na munara wa Komite, ambao hakuna muntu anayelala ndani yake, mianzi yake imekuwa nyeusi, inang'aa, haina hata tundu moja. Ninyi munatunza mali yenu kwa kuni zangu! Mwezi uliopita bwana mumoja mwenye kofia alikuja kutazama munara. Akirudi aliona jiko langu limeinama, baridi, kimya, akamuuliza Papa Paul kama na ile ni sanamu. Papa Paul hapendi kuvunja mugeni roho, akajibu ndiyo. Yule bwana alilizunguka mara mbili, akasema kazi hii inahuzunisha kupita ile ya njia panda. Kwa hilo mimi na yeye tuko pamoja.

4. Ya ine ni mama yangu muzazi. Mama Nyiraneza amebaki na meno matatu, na miguu inamuuma hata kufika kisimani. Mwaka wote uliopita mimi njo niliyemupelekea maji. Sasa kila siku anatembea mpaka njia panda na kiti chake kichwani. Anakaa upande wa Sidonie. Wanaongea pole pole, nikifika wananyamaza. Nilimuuliza kwa adabu kama yeye ni mama ya nani. Akajibu ya kama yeye ni mama ya mafiga.

5. Ya tano: musiseme sikujaribu. Nilienda mutoni, nikachagua mawe matatu, laini, meupe, yenye umbo moja, mazuri kuliko yale ya zamani. Niliyapanga mimi mwenyewe. Sidonie aliyatazama kwa muda, akaweka juu yake lungo la mahindi ya kukausha, akaenda zake. Basi nikaondoa lungo, nikawasha moto mwenyewe, nikatia chungu mwenyewe. Sasa sikilizeni, ninyi wenye kuchunguza vifaa, na muandike katika vitabu vyenu: jiwe la mutoni lina maji ndani. Likipata moto linapasuka na mulio wa bunduki. Kipande kimoja kilinipiga gotini, kingine kilitoboa chungu, kingine sijui kilienda wapi, lakini kuku mumoja alikaa siku mbili bila kutaga. Jiwe jeusi la volkano, lenye matundu, linapumua, halipasuki. Mama alijua hiyo bila komite. Aliniambia baadaye, wakati nilikuwa nimefunga goti kitambaa, na sikuona sababu ya yeye kucheka.

6. Ya sita ni fundi wenu. Nilimuandikia Hilaire aje na nyundo anitolee mafiga. Alikuja kweli, na nyundo kubwa, roho yangu ikatulia. Halafu akaona mawe yalivyokuwa meusi. Machozi yakamutoka, muntu muzima. Alisema rangi hii ameitafuta tangu alipoanza kazi na hakuna duka inayoiuza. Akaweka nyundo chini, akaomba sahani. Tangu pale amerudi mara ine kutoka Kibua kukagua kazi, na kila mara kazi inakaguliwa saa sita kamili. Nyundo iko kwangu. Mbuzi wanailalia.

7. Ya saba njo iliyonishikisha kalamu. Siku ya Kwanza ya juma hili, Jumatatu, walikuja wageni watatu na mashini ya foto. Walipiga foto ukuta. Walipiga mbao, magome, moto. Walimupiga foto Sidonie akikoroga, wakamupiga Mama na kiti chake, wakamupiga hata shofere aliyekuwa amelala kwenye mianzi. Halafu mumoja wao akaniomba, kwa adabu kubwa, nisogee kando kidogo, kwa sababu mimi si ya munara. Nikasogea. Nilisimama ndani ya mufereji niliouchimba mwenyewe, nikaangalia watu wanamupiga foto bibi yangu wa ndoa, ndoa ya padri, na mimi iko inje. Roho iliniuma, Bwana Prezida. Sitaficha. Iliniuma mpaka nikakosa kula, na siku ile ilikuwa viazi na sombe ya majani ya muhogo.

Kwa sababu hizi zote naomba jambo moja kati ya haya, na wewe uchague lile lisilosumbua Komite.

Jambo la kwanza, Komite itume watu wenye nguvu wavunje simenti, mafiga yarudi jikoni kwangu, na Sidonie arudi nayo. Kama simenti inakataa, basi munara wote uhamishwe mpaka kwangu. Nimepima: ni hatua mia nane na kumi, njia ni nzuri, naitengeneza mimi. Kama munara ni muzito, basi barabara ihamishwe. Tafazali usicheke, mimi ni kantonye, barabara naijua. Tukiikunja kidogo pale kwenye daraja, ikapita katikati ya mutama wa Papa Paul na kukata kona ya kanisa (si upande wa altare), njia panda itafika mbele ya nyumba yangu. Munara utabaki peke yake katika majani, hakuna shofere, hakuna muchukuzi, hakuna mwenye mashini ya foto, na chungu kitakuwa na mwenyewe tena. Papa Paul bado sijamuambia.

Na kama haya yote yanashindikana, ombi la mwisho ni dogo. Kibao cha munara kimeandika vifaa: jiwe, mwanzi, mbao, gome, simenti. Mwezi uliopita niliona Komite imetuma muntu akaongeza: moto. Kwa hiyo kuongeza kunawezekana. Naomba muongeze neno moja pale chini: mume. Herufi ndogo zinatosha. Namna hii, wageni wakija, nitawaonyesha kidole pale, na wataniacha nikae.

Nimemaliza, Bwana Prezida. Nisamehe urefu, kidonda hakina ufupi. Unisalimie Mama Mukankusi wa nyumbani kwako na watoto wote, unisalimie wenye Komite mumoja mumoja kwa vyeo vyao, unisalimie na mupiga foto wa sikukuu, kwa sababu yeye, katika foto yake, alinikata kichwa tu, mukono na kamba vinaonekana. Hapa Papa Paul anakusalimia katika Bwana. Mama Nyiraneza anakusalimia. Fundi Hilaire, aliyefika saa sita, anakusalimia, mudomo umejaa. Sidonie hajasema kama anakusalimia, maana hajui ya kama niko naandika.

Ni mimi, mutumishi wako kutoka daraja mpaka kona,

Evode Hakorimana
kantonye

N.B. Barua nilikuwa nimekwisha kuifunga ili shofere aipeleke Kitshanga, lakini shofere ameomba sahani ya pili, basi kuna nafasi. Sidonie ameona bahasha, akauliza ni nini. Yeye hajui kusoma. Akaniomba nimusomee yote, na mimi, sijui nilipatwa na nini, nimemusomea, kwa sauti, pale kando ya moto. Nilipofika pale nimeandika mafiga yaliondoka, aliacha kukoroga, akanitazama, lakini hakunikata maneno. Kwenye malalamiko ya tano alicheka mpaka akashika mbavu, na Mama naye. Kwenye ya saba hakucheka. Nilipomaliza akaniomba nirudie pale pa kuondoka. Nikarudia. Akaniuliza yaliondokaje.

Basi nimemuambia, na wewe nakuambia. Fundi Hilaire aliomba kwangu jiwe moja la musingi. Ni mimi niliyemupa mafiga. Niliyafunga ndani ya koti langu la kanisani, la Siku ya Mungu, nikayabeba mwenyewe mpaka njia panda, kwa sababu alisema jiwe lililoona moto miaka mingi ni adimu, na nilifikiri mutaandika jina langu. Kibao kimeandika "Wenyeji wa Kalembe". Komite haina kosa, fundi hana kosa, futa yote.

Sidonie amesema alijua. Mama aliniona na lile koti, akamuambia siku ile ile aliyorudi. Alikuwa ananingoja tu niseme kwa mudomo wangu, na kama ningengoja miaka kumi, angepika njia panda miaka kumi. Sasa nimesema, amefurahi. Mama amekubali kumutafutia mafiga mengine, kutoka fasi yake ile. Siku ya Posho Sidonie anarudi kupika nyumbani.

Kwa hiyo, Bwana Prezida, nakuomba sana unikatalie. Uniandikie haraka, mbele ya Siku ya Posho, ya kama moto uko kwenye kibao na hauwezi kuzimika, na ya kama mwenye kupika na mume wake wanapashwa kukaa pale pale. Uandike kwa ukali. Mimi nitamusomea kwa huzuni. Ni uongo wa mwisho, nakuapia.

Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na sikujua kama Sidonie anaimba akipika. Kule nyumbani iko ukuta, na sauti yake ni ndogo.